Niliposema Sijui Kirundi

Dodoma,
14 Septemba

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Ninaomba barua hii ikukute mzima, magoti yamepunguza kuuma, na Baba anakunywa dawa zake za presha bila kujifanya amesahau. Kaka Privatus naye hajambo? Najua ndiye atakayeipokea barua hii stendi ya Ngara mjini, na najua mkono utamwasha aifungue. Mwambie nimeiziba kwa gundi na nimeweka alama zangu. Mimi ni mzima wa mwili. Vumbi la huku nimeshalizoea, chakula cha kantini bado.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, simu yako ni ya kitongoji kizima. Ukipokea unaweka sauti kubwa, na kabla hatujamaliza kusalimiana nasikia watu watatu wananiuliza habari za masomo. Haya ninayotaka kukueleza yanahitaji masikio yako peke yako kwanza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kihangaza tulikinyonya tu, hatukufundishwa kukiandika. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu neno, na kabla fundi hajaanza kushona vile vitenge vya mahafali. Kama ameshakata kitambaa, basi tena. Mwaka huu sivai joho.

Nimelisema mapema ili lisikuvizie huko mbele. Wala usidhani nimefeli. Afadhali ningefeli, Mama, maana kufeli kuna pole yake. Nilipata alama ya juu kuliko wenzangu wote, na alama hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Kila likizo ulikuwa unaniuliza Kifaransa kina nini hata kisiishe miaka yote hii, na Mzee Bartholomayo akipita njiani anadakia kwamba Warundi wa soko la Kabanga wanakisema bila cheti. Nilikuwa nacheka na kukwepa. Ukweli ni kwamba nilijiona msomi mno kukueleza. Ngoja nikueleze sasa. Kupata shahada ya Kifaransa na masomo ya nchi zinazokisema hakuishii kwenye kukisema. Kuna kozi ya matamshi, unavaa visikilizio masikioni na kurudia sauti moja mpaka taya zichoke. Kuna sarufi, kuna tafsiri. Kuna fasihi, na huko hawakuruhusu usome ya Ufaransa peke yake, lazima usome na ya Afrika na ya visiwa vya mbali ambavyo watu wake walipelekwa kwa minyororo. Halafu wanakulazimisha kuchukua kozi za idara nyingine ili usije ukamaliza ukiwa kasuku. Yote hayo niliyapita vizuri. Lililobaki lilikuwa sharti la mwisho, lile linalotutoa wote jasho: kukaa miezi miwili katika nyumba ya watu wanaosema Kifaransa, kisha kusimama mbele ya walimu na wenyeji wako, na kusimulia kwa Kifaransa maisha ya mtu mmoja uliyemfahamu huko. Bila hilo, miaka yote uliyosoma haihesabiki.

Na kukaa huko kuna kiapo. Unaapa kwamba miezi yote miwili hutatumia lugha nyingine yoyote na wenyeji wako, hata ukiumwa tumbo. Kwa ajili hiyo wanakupeleka kwa watu ambao lugha pekee mnayoshirikiana ni Kifaransa. Mratibu wetu, Madame Secilia, mama mmoja mpole lakini asiyependa mchezo, alituita ofisini mmoja mmoja. Nafasi zilizokuwapo mwaka huu zilikuwa za Burundi, mjini Gitega. Aliniuliza kama najua Kirundi, kwa sababu anayekijua angesubiri mwakani atafutiwe nchi nyingine.

Nikasema sijui.

Moyoni nilikuwa na utetezi wangu tayari: mimi ni Mhangaza, na Kihangaza hakuniuliza. Mama, wewe na yule mama muuza samaki wa ndagala pale Kabanga mnabishana bei asubuhi nzima, yeye kwa Kirundi chake, wewe kwa Kihangaza chako, na sijaona siku mmoja wenu ametafuta mkalimani. Lakini ningefanya nini? Mwaka mzima nikae nyumbani nikipalilia migomba, wenzangu wakivaa majoho? Ndivyo nilivyojiambia. Nikaapa.

Gitega nilipokelewa na watu wema, na wema wao ndio unaonichoma. Mwenye nyumba anaitwa Fabrice, mwalimu wa sekondari, mtu mrefu anayepiga pasi shati lake mwenyewe kila asubuhi huku akiimba. Mkewe, Kalista, ni muuguzi. Walinipa chumba chao cha mbele, wao wakahamia cha nyuma kinachovuja. Na yupo mama mzazi wa Fabrice, Bibi Kankindi, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini nyumba hiyo anaiongoza yeye kwa kusikia.

Unakumbuka uliniagiza nikifika kwa watu nianze na mkubwa wa nyumba. Siku ile ya kwanza Bibi Kankindi alinisogelea, akanishika mikono yote miwili juu ya viwiko, akanisalimia kwa maneno yale yale aliyokuwa akitusalimia Nyanya, tofauti ni mvuto wa sauti tu. Aliniuliza niliowaacha nyumbani hawajambo, aliuliza mvua, aliuliza ng'ombe. Nami nilimjibu kwa Kifaransa, lugha asiyojua hata neno lake moja. Akacheka, akamwambia mwanawe kwamba mtoto wa watu ni mzuri lakini ni bubu. Wote tukacheka, mimi nikijifanya nacheka kwa sababu wao wanacheka. Mama, ulinilea nipige goti hata kwa mzee ninayepishana naye njiani, na hapo nilimtazama bibi wa watu kama ng'ombe anavyotazama gari.

Mchana Fabrice na Kalista walikuwa kazini, nikabaki na Bibi. Tulikaa upenuni tukichambua maharage, yeye kwa ncha za vidole. Na kwa kuwa aliamini sisikii, alisema. Alisema Kalista anamwaga mafuta kwenye chungu kana kwamba anajaza kisima. Alisema jogoo wa jirani hana adabu kama mwenyewe. Siku moja aliiga jinsi padri wao anavyopenga kamasi katikati ya mahubiri, nikashindwa kuzuia kicheko, nikakigeuza kikohozi. Akaniambia pole kwa lugha yake, akapapasa mpaka jikoni, akaniletea maji ya moto yenye tangawizi. Nikayanywa yote.

Mwezi wa pili ulipoanza, maneno yake yalibadilika. Alasiri moja aliacha kuchambua, akasema kuna jambo hajawahi kulisema mbele ya mtu, na kwamba mimi ni kama shimo, kinachodondoka ndani hakitoki, kwa hiyo ataliangusha humo apumzike. Kisha akasema.

Mwaka wa tisini na tatu, watu walipoanza kuuana, mumewe aliuawa na yeye akakimbia na watoto wawili. Fabrice alikuwa mgongoni, hajaacha ziwa, ana homa kali. Dada yake, Agness, wa miaka minne, alitembea kwa miguu. Walivuka mto Ruvubu pamoja na wengine, wakaingia upande wetu. Baada ya kuvuka, miguu ya Agness ilivimba akashindwa kukanyaga. Mama yule alijaribu kuwabeba wote wawili, akaanguka, akasimama, akaanguka tena. Nyuma walisikia milio ya risasi. Akamkalisha binti yake kando ya kichuguu, pembeni ya shamba la mihogo, akampa kiazi kilichochomwa, akamwambia asilie, angoje hapo hapo, anarudi sasa hivi. Alipofika penye watu aliambiwa mahali hapo panaitwa Murukulazo. Akamwacha Fabrice kwa mwanamke mwingine, akarudi mbio. Kichuguu alikiona. Mtoto hakumwona, wala damu, wala nguo. Aliita mpaka sauti ikakatika. Kambini aliwaambia watu kwamba binti alikufa kwa kuhara damu njiani, na hivyo ndivyo alivyomwambia Fabrice alipokua. Aliniambia, mimi shimo, kwamba hakuweza kumwambia mwanawe kuwa walipimwa yeye na dada yake, na yeye ndiye akabebwa.

Alilia bila sauti. Machozi yalidondokea kwenye ungo. Na mimi, Mama, nilimuuliza kwa Kifaransa kama amechoka.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningemshika mikono nikamwambia Bibi nisamehe, nasikia. Sikusema. Kwanza niliogopa kiapo, hilo ni kweli. Lakini kesho yake na keshokutwa aliendelea kusimulia, kipande kwa kipande, na mimi nilikuwa nikisikiliza kwa namna nyingine. Huko mwanzo nilipanga kusimulia maisha ya Fabrice na ualimu wake, masimulizi makavu kama muhogo wa juzi. Mwenzangu mmoja alikuwa amepata mwanamuziki mzee, mwingine dereva aliyezunguka Kongo nzima. Sasa nilikuwa na yangu. Nilijua walimu wangetoa machozi. Tamaa ilinishika, Mama, sina jina jingine la kuipa.

Siku ya kusimulia ilifika, hapo hapo Gitega. Ni desturi yao kualika familia zilizotupokea, na watu huja wamependeza kama wanaenda harusini. Fabrice alikaa mstari wa mbele amefunga tai. Kalista alikuja na kikapu cha sambusa, na jina langu lilipoitwa alinipigia vigelegele mpaka walimu wakageuka. Bibi alibaki nyumbani. Nilikuwa nimebadilisha majina, nikajidanganya kwamba hiyo ndiyo heshima. Mto sikuubadilisha. Mwaka sikuubadilisha. Kichuguu, kiazi, mtoto wa kiume mwenye homa mgongoni, vyote niliviacha, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vitamu kusimulia. Nilisema vizuri, Mama. Sijawahi kusema Kifaransa vizuri vile. Mwalimu mmoja mzee alivua miwani akajifuta. Kisha akaniuliza bibi huyo alinisimulia kwa lugha gani.

Nikajibu, kwa Kifaransa.

Walinipigia makofi. Sikutazama mstari wa mbele, nikatoka uani penye soda na meza za vyakula. Fabrice akanifuata. Hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu, mama yake alijifunza lini Kifaransa.

Nikamjibu kwa lugha yetu, kwa Kihangaza, nikamwambia nilikuwa nasikia tangu siku ya kwanza. Alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyemwagiwa maji. Kalista aliweka kikapu chini. Nadhani wote wawili walikuwa wanahesabu kila walichowahi kukisema mbele yangu mezani, ugomvi wao, madeni yao, mimba iliyoharibika ambayo hata ndugu hawakuambiwa. Hata hayo niliyasikia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Fabrice alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akakaa chini mbele ya kigoda chake, akamuuliza Agness alimwacha wapi. Kwa upole kabisa, kama anavyomuuliza amekula nini. Bibi aligeuza uso, akautafuta upande niliosimama mimi, akaupata.

Nilipiga magoti. Nikanyoosha mikono nikamshika juu ya viwiko, nikamsalimia ile salamu aliyokuwa ananidai tangu nilipofika, nikamwomba radhi kwa maneno yote ninayoyajua. Aliitoa mikono yake mikononi mwangu, mmoja, halafu mwingine. Akanijibu kwa Kiswahili. Alisema, "Mgeni, safari njema."

Sikujua kama anakijua Kiswahili. Kalista ndiye aliyenieleza asubuhi, aliponisindikiza kwenye gari bila kunitazama. Bibi alijifunza lugha hiyo kambini, huko kwetu Ngara, kwenye foleni za mahindi. Nilipokuja, alitaka kunizungumzisha kwa Kiswahili ili nisikae mpweke mchana kutwa. Fabrice alimkataza, akamweleza kwamba mtihani wangu una kiapo na mimi nitaharibikiwa. Bibi akakubali, akasema hataki kumharibia mtoto wa watu. Miezi miwili alikitunza kiapo changu kuliko nilivyokitunza mimi.

Niliporudi Dodoma nilikwenda kwa Madame Secilia nikamwambia yote. Wenzangu wananiona mjinga, wanasema ningenyamaza tu, nani angevuka mpaka kuja kunishtaki. Madame alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia miezi ile miwili imefutwa na alama yake imefutwa, na kamati ya nidhamu itaamua kama nitaruhusiwa kurudia sharti hilo mwakani au nitaondoka bila shahada. Hakunifokea. Alisema tu kwamba kinachomuuma yeye ni yule bibi. Kwa hiyo, Mama, ndugu mliowaalika waambieni mwaliko umeahirishwa. Baba mwambie wewe, kwa maneno yako. Akisema nimemwaibisha, ni kweli, usinitetee.

Ningeweza kuishia hapa, lakini sababu ya kukuandikia si joho. Wiki iliyopita Fabrice alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema mama yake hali tena chakula cha kushiba na haongei, anakaa tu ameelekeza uso upande wa mashariki. Alisema mimi ni mtu wa huko Ngara, niulizie. Akakata.

Mama, kutoka kwetu Mabawe mpaka Murukulazo si mbali, na wewe una watu huko, wale uliosali nao na wale wa upande wa mjomba. Ninakuomba uende. Uliza kama mwaka ule, mvua za vuli zilipoanza, kuna mtu alimwokota mtoto wa kike wa miaka minne kando ya kichuguu, upande wa kutokea Ruvubu. Jina lake Agness. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ana kovu la kuungua uji. Kama aliokolewa, leo ni mama mtu mzima, huenda ana watoto, na huenda hajui chochote.

Usianzie ofisi ya kijiji, na usiulize kwa Kiswahili. Unawajua watu wetu. Wakisikia Kiswahili cha kuuliza nani kazaliwa wapi, watasema ni Uhamiaji wamekuja kumtafuta Mrundi, na aliyemlea atamficha au atamhamishia Biharamulo siku hiyo hiyo. Kaa nao tu. Menya nao ndizi, hudhuria msiba ukiwapo, uliza kwa Kihangaza, taratibu, kama unavyojua wewe na mimi nisivyojua. Inawezekana usipate kitu. Inawezekana ukaonyeshwa kaburi dogo, na habari hiyo nayo tutaipeleka Gitega, wewe ukitangulia na mimi nikifuata nyuma, maana kwetu aliyemkosea mzee haendi peke yake.

Lakini ukimpata akiwa hai, nakuomba jambo moja kuliko yote. Usinitajie ni nani. Usimpe Fabrice jina lake, wala usimwonyeshe kwa mtu. Mkalishe pembeni, umwambie kuna habari inayomhusu, umuulize kwanza kama anataka kuisikia. Akikataa, rudi nyumbani unyamaze, hata mimi nikikulilia usiniambie.

Msalimie sana Baba, na mama mdogo, na watoto wa Privatus. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mwanao, mwenye aibu,
Yuster